Kipengele cha Kumi na Nne

9 Januari

Mjomba, shikamoo.

Natumaini barua hii imekukuta mzima, na kwamba sikio lako la kushoto halikusumbui kama mwaka jana. Sisi huku hatujambo. Mama bado anashona kuliko macho yake yanavyotaka. Miwani anayo, ila huivaa juu ya kichwa na kulalamika kwamba sindano za siku hizi zinatengenezwa bila matundu. Anakusalimu. Anasema umwandikie na yeye, si mimi tu, maana yeye ndiye aliyezaliwa tumbo moja na wewe.

Sasa jambo lenyewe. Shirika lako la zamani limetangaza nafasi sita za marubani wasaidizi. Nina saa elfu moja mia mbili na kumi za kuruka, leseni yangu haina doa, na miaka minne nimekaa kiti cha kulia, cha msaidizi, katika kindege cha viti kumi na viwili, nikibeba chanjo, magazeti, na mara moja mbuzi aliyekula mkanda wa kiti. Sitaki kuzeekea humo, Mjomba. Hii ndiyo kampuni pekee ya kanda inayoweza kunitoa. Usaili ni mwezi wa Mei. Kuna mtihani wa kuandika, kuna chumba cha kuigiza urushaji, halafu kuna jopo la watu watatu. Mtihani siuogopi. Jopo naliogopa. Wewe uliwahi kukaa mbele ya majopo hayo, nifundishe.

Nisaidie pia na fomu. Kipengele cha kumi na nne kinasema: "Taja ndugu wa karibu aliyewahi kuajiriwa na shirika hili, cheo chake, na sababu ya kuondoka." Cheo najua, kapteni. Sababu niandike nini? Sikio? Nikimuuliza Mama ananiambia nyumba haijafagiwa.

Jana nilikuwa nasomea mezani kwake akanigonga vidole kwa kile kijiti chako cha kupimia mafuta, anachopimia pindo za magauni. Nikamuuliza ile alama iliyokatwa kwa kisu ni ya nini. Akasema ni ya bibi harusi mmoja mfupi sana.

Mpwa wako,
Kipanga


2 Februari

Kipanga, mpwa wangu, marahaba.

Barua yako ilichukua siku kumi na tisa, jambo ambalo lingekuwa aibu hata kwa mtu anayetembea. Afya yangu ni ya umri wangu. Bado nipo chini ya maktaba, nabandika migongo ya vitabu ambavyo wasomaji wamevivunja kwa kuvilaza kifudifudi. Ukutani kuna bomba linalopiga mluzi mchana kutwa. Nimeligeuzia sikio bovu, naendelea na kazi. Mwambie mama yako nitamwandikia siku atakayojifunza kujibu. Mwambie pia kwamba mpaka leo nikisikia cherehani mahali popote, nageuka.

Umeomba nikufundishe. Basi sikiliza. Swali likianza, liache liishe. Vijana wengi huanguka kwa kujibu swali ambalo halijaulizwa. Kama hujui, sema hujui, kisha sema utatafuta wapi. Ukikosea usicheke, kwa kuwa kicheko cha mwenye kosa ni kosa la pili.

Watakuuliza utaolewa lini. Najua unadhani siku hizi hawaulizi. Wataliuliza, pengine kwa maneno yaliyovaa tai. Enzi zetu walikuwa wakilitazama tumbo la mwanamke kama mzigo uliosahauliwa kwenye karatasi ya uzito, na sina habari kwamba wamepona ugonjwa huo. Usikasirike. Uliza kwa upole kama swali hilo wamewauliza wanaume waliotangulia kuingia.

Jambo la mwisho ndilo kubwa. Ukiwa katika ukaguzi, ukisoma orodha, lifute neno "sawa" kinywani mwako. Sema "nimeona", na uliseme kwa kitu ulichokiona kwa macho tu. Geji ya mafuta ni mtu anayekuletea habari. Kijiti ni jicho lako mwenyewe. Panda bawani, fungua kifuniko, chovya, soma. Ukiambiwa huna muda, ujue hapo ndipo muda unapohitajika. Fanya hivyo kila siku, hata kwenye kindege chenu cha mbuzi, mpaka mkono uende wenyewe.

Mwambie mama yako asikikate kile kijiti. Apimie pindo, aegemeze dirisha, achapie watoto wa jirani. Asikikate tu.

Mjomba wako


27 Februari

Mjomba, shikamoo.

Tumefurahi kusikia bomba halijakushinda. Mama aliposomewa habari ya cherehani akashona mkono wa shati kinyume. Amesema hajui kuandika barua, anajua kushona tu, na kama ungekuwa karibu angekushonea jibu.

Najifunza kila siku. Mama ndiye mwenyekiti wa jopo langu. Anakaa mwisho wa meza, anavaa miwani mahali pake, anauliza: "Binti, ukiwa angani na injini moja imezimika, kwa nini vyombo havijaoshwa?" Nikimwambia aulize ya maana, anasema hilo ndilo la maana, injini itaoshwa na wenyewe. Na kule kazini nimeanza kupanda bawani kila asubuhi. Kapteni wangu ananiita "fundi bomba". Namjibu, "Nimeona."

Wenzangu wawili waliofika kwenye usaili mwaka juzi wamenisimulia swali ambalo mwenyekiti wa jopo haachi kuuliza. Yeye ni Rubani Mkuu, mzee wa nywele nyeupe, shati limenyooka hata ukimkuta jioni. Anaanza na kisa. Zamani kulikuwa na kapteni mmoja hapo shirikani. Siku moja mchana ndege imejaa, na ndani yumo mkubwa mmoja wa serikali anayewahi mkutano. Geji zinasema mafuta yanatosha. Kapteni anapanda bawani na fimbo, anashuka akisema mafuta ni robo, haruki. Basi akaletwa kapteni mwingine, ndege ikaondoka, ikafika salama salimini. Yule wa kwanza akafukuzwa, na watu wakamwita Kapteni Fimbo. Mzee akifika hapo anauliza, "Kosa la kapteni huyo lilikuwa nini?" Wanasema jibu analolipenda ni kwamba hakuamini vyombo vyake na hakumwamini msaidizi wake.

Tulicheka sana kantini, Mjomba. Mwenzetu mmoja alipanda juu ya benchi na mwiko, akapima chai kwenye birika, akatangaza kwamba hatunywi. Mimi mwenyewe nilicheka mpaka machozi. Lakini nilipokuwa narudi nyumbani nikawaza: kama kijiti kilisema kweli, je? Nijibuje?

Fomu inatakiwa kabla ya mwisho wa Machi. Kipengele cha kumi na nne bado ni cheupe. Hukunijibu.

Mpwa wako,
Kipanga


16 Machi

Kipanga, marahaba.

Mimi ni mzima. Baridi imepungua. Wasalimie nyumbani.

Kisa ulichosimuliwa kina makosa, na sipendi mtu ajifunze kwa kitabu chenye makosa. Haikuwa mchana, ilikuwa saa moja na dakika arobaini asubuhi. Haikuwa fimbo. Mafuta hayakuwa robo, yalikuwa chini ya nusu kwa upana wa vidole viwili, na safari ile ilihitaji theluthi mbili, kwa sababu uwanja wa akiba ulikuwa mbali na wingu lilikuwa limeanza kujikusanya upande wa milimani. Mafuta yaliyokuwepo yangetosha kufika. Yasingetosha kufika, kukuta uwanja umefungwa, na kwenda kwingine. Rubani hapimi mafuta ya kufika, anapima mafuta ya kukosa kufika. Na mkubwa yule hakuwa akiwahi mkutano. Alikuwa akiwahi harusi.

Ukiulizwa, jibu unavyojua.

Kipengele cha kumi na nne andika: Hakuna. Usiandike sikio, usiandike kitu kingine. Hakuna. Naomba usiniulize tena.

Mjomba wako


8 Aprili

Mjomba, shikamoo. Shikamoo hii naiandika kwa sababu nimelelewa.

Mama hajambo. Mimi sijui.

Barua yako ilifika tarehe ishirini na tisa. Tarehe thelathini nikapeleka fomu, kipengele cha kumi na nne nimeandika "Hakuna" kwa herufi kubwa, kama ulivyotaka. Chini nikatia saini penye maneno haya: "Natamka kwamba yote niliyoyaandika ni kweli, na kwamba uongo wowote utabatilisha maombi yangu." Nilitia saini bila kufikiri. Wewe ni mjomba wangu, ungeniambia niandike kwamba mimi ni mbuzi ningeandika.

Jumapili nikaisoma tena barua yako kwa sauti, Mama akiwa anapiga pasi. Nilipofika kwenye harusi, pasi ikasimama. Nikasema, "Mama, mjomba amejuaje kwamba ilikuwa harusi?" Hakusema nyumba haijafagiwa. Alikwenda kuchukua kijiti, akakilaza mezani, akaweka kidole kwenye ile alama.

"Kaka yangu aliikata hii akiwa juu ya bawa," akasema, "kwa kisu cha kumenyea machungwa. Mafuta ya ndege hukauka haraka, hayangojei mashahidi. Akaona akate pale yalipoishia."

"Na nani alikuwa naye?"

"Msaidizi wake. Alishika kifuniko cha tangi, akaona kama kaka alivyoona. Tulikuwa tukimwita Pasi, kwa jinsi mashati yake yalivyonyooka. Alikula kwenye meza hii."

"Yuko wapi sasa?"

"Mwanangu, huyo ndiye atakayekusaili."

Mjomba, kisa kile nilikicheka mpaka machozi. Nilisimama kantini nikicheka na watu wanaokucheka, na wewe ukapokea kicheko hicho kwa barua, ukakisoma, kisha ukaniandikia saa na dakika. Ungeniambia. Neno moja tu lingetosha: "Ni mimi." Mnanificha kama mtoto mdogo, wakati mnanituma niende kupambana na watu wazima.

Lakini hilo silo linalonichoma zaidi. Wewe ulipoteza kazi, nchi na ukaribu wa dada yako kwa sababu ulikataa kusema mafuta yanatosha wakati hayatoshi. Mkubwa mzima wa serikali alikuwa amekaa pale akitazama saa yake, na hukukubali. Miaka thelathini na moja baadaye unamwambia mpwa wako, ambaye leseni ndiyo kitu pekee alichonacho, aandike uongo juu ya saini yake. Kwa ajili gani? Mama anasema njia ya mwongo ni fupi. Yangu ina urefu wa wiki tano, mpaka tarehe kumi na moja Mei. Wakigundua, nimeondolewa kwa haki. Wasipogundua, nitaingia pale kwa kukufuta, kama Pasi alivyokufuta.

Nijibu. Safari hii nijibu nilichouliza.

Kipanga


3 Mei

Mpwa wangu,

Marahaba, na nimeipokea ilivyo. Nimekaa na barua yako siku nane. Sijui kama hii itakufikia kabla ya tarehe kumi na moja. Nadhani haitafika, na huenda ndiyo sababu naweza kuiandika.

Unauliza kwa nini. Nilitaka uingie mlango ule bila kunibeba mgongoni. Nilijiambia ni kwa faida yako. Nikisoma barua yako naona kwamba sehemu yake ilikuwa faida yangu: sikutaka Pasi alione jina langu kwenye karatasi na kutabasamu. Hilo nalikiri, kwa kuwa umelipia wewe.

Sasa nikwambie nisichomwambia hata mama yako. Pasi aliandika mstari mmoja kwenye daftari la ndege: "Geji na kijiti vimelingana." Akatia saini kwa mwandiko wake mzuri. Nilimwona akiandika. Hakunitazama. Kapteni mwingine akaja akiwa hajafunga vifungo vya shati, akasoma mstari ule, akaketi. Simlaumu, alikuwa na neno la mtu aliyepanda bawani. Mimi nilisimama chini na kijiti changu, abiria wakinitazama dirishani kama mtu aliyeachwa na basi.

Ndege ikafika. Huo ndio msumari, Kipanga. Ilifika. Huko ilikokwenda hakuna aliyepima kilichobaki. Mbele ya kamati ya nidhamu niliweka kijiti mezani, na mwenyekiti akauliza, "Na sisi tutajuaje hukukikata jana jikoni kwenu?" Watu wakacheka. Hakuna anayeweza kuthibitisha ajali ambayo haikutokea.

Nilikaa miezi saba baada ya hapo, nikitafuta kazi, kila mlango umeshaambiwa. Kila asubuhi nilifungua redio. Siku moja nikagundua kwamba nilichokuwa nikisubiri kwenye redio ni habari ya ndege ile kuanguka. Nilikuwa nimekaa na chai mkononi, naisubiri. Watu kumi na tisa, ili mimi nionekane mkweli. Ndipo nilipofunga sanduku. Sikio liliharibika baadaye, huku, kwa maradhi ya kawaida. Niliwaacha mseme sikio kwa sababu sikio halina aibu.

Kwa hiyo usidhani nilikimbia Pasi. Hasira yangu kwake bado ni nzima kama siku ile, naamka nayo, nakunywa nayo chai. Niliyemkimbia ni yule mtu wa redio.

Fanya unavyoona. Nimekosa haki ya kukuagiza.

Mjomba wako


13 Mei

Mjomba, shikamoo.

Hatujambo. Barua yako, kama uliandika, bado haijafika. Nilingoja mpaka asubuhi ya tarehe kumi na moja, nikaenda mikono mitupu. Kwa hiyo nilifanya kwa akili yangu. Nakueleza ilivyokuwa, ukasirike ukiwa na habari kamili.

Mtihani ulikwenda. Chumba cha kuigiza kilikwenda. Niliposema "nimeona" mara ya tatu mwalimu aliniuliza kama nimesahau neno "sawa", nikamwambia silitumii. Saa nane nikaitwa kwenye jopo.

Ni chumba kirefu chenye meza ndefu kuliko inavyohitajika, jagi la maji lililofunikwa kwa kisosi, na kalenda ya mwaka jana. Kushoto bwana wa ajira, anayebofya kalamu. Kulia mama mkuu wa mafunzo, mwanamke wa kwanza kuwa kapteni hapo, miguu yake chini ya meza imevua viatu. Katikati Pasi. Nilimjua kwa shati.

Bwana wa ajira akauliza "mipango yangu ya kifamilia kwa miaka mitano ijayo". Umemjua hata kabla hajazaliwa. Nikamuuliza kama waliotangulia, wote wanaume, wameulizwa. Akabofya kalamu. Mama wa mafunzo akasema, "Hawakuulizwa." Akamgeukia Pasi. "Endelea, Kapteni."

Pasi akaegemea kiti na kuanza kisa. Mchana, fimbo, robo, mkutano. Nilimwacha amalize, kama ulivyonifundisha. Alipouliza kosa la kapteni lilikuwa nini, nikasema, "Kabla sijajibu naomba fomu yangu. Ina kosa, nataka kulirekebisha."

Bwana wa ajira akasema fomu zilishafungwa. Mama wa mafunzo akaitoa kwenye faili akanisogezea.

Mjomba, sikufuta. Nilifanya kama tunavyofanya kwenye daftari la saa za kuruka. Nilipiga mstari mmoja juu ya "Hakuna", mwembamba, ili neno lisomeke. Pembeni nikaweka herufi za mwanzo za jina langu na tarehe. Juu yake nikaandika: "Mjomba, kaka wa mama. Kapteni. Aliondolewa kwa kukataa kuruka na mafuta pungufu." Nikaigeuza ikamwelekea Pasi.

Akaisoma. Akasoma tena. Akavuta jagi akamimina maji, na kisosi kikabaki mkononi mwake, hakujua pa kukiweka.

Nikasema, "Sasa najibu. Ilikuwa asubuhi, saa moja na dakika arobaini. Kosa la kapteni yule ni moja. Alimwamini msaidizi wake."

Bwana wa ajira akaweka kalamu mezani.

Pasi akauliza kwa sauti ndogo, "Anaendeleaje?"

"Sikio linamsumbua."

"Kile kijiti bado kipo?"

"Mama anapimia nguo. Alama bado ipo."

Nilidhani atasema. Mjomba, mdomo ulifunguka kabisa, niliona. Kisha akaweka kisosi chini, akapanga karatasi zake zikalingana kingo, akasema, "Kwa kuwa ninafahamiana na familia ya mwombaji, sitaweza kutoa alama." Akasimama, akatoka, akafunga mlango taratibu. Akatoka kwa heshima zote. Nilitaka atoke kwa aibu, na hata hilo akaninyima. Yule mtu anaweza kuukimbia moto na usijue kwamba alikuwa anakimbia.

Mama wa mafunzo akavaa viatu. "Haya," akasema. "Uko futi elfu kumi, injini ya kulia imezimika." Nikamjibu. Tulikwenda hivyo dakika arobaini. Mwishoni akasema, "Uliandika uongo kwenye fomu yetu." Nikasema ndiyo. Akauliza nani aliniambia niandike. Nikasema saini ni yangu.

Sijui matokeo. Nina hasira mpaka mikono inauma. Wewe nimekusamehe njiani, kwenye mteremko wa hospitali, usiniulize kwa nini pale.

Mpwa wako,
Kipanga


5 Juni

Mjomba, shikamoo, na samahani kwa ufupi.

Barua yako ya tarehe tatu Mei ilifika juzi, imelowa pembe moja. Nimeisoma peke yangu. Ya redio sitamwambia Mama, utamwambia mwenyewe. Nitakwambia tu kwamba mtu aliyefunga sanduku kwa sababu ile si mtu wa kukimbiwa.

Leo wamenijibu. Nimechukuliwa, pamoja na onyo la maandishi kuhusu fomu, vyote kwenye bahasha moja, saini ya mama wa mafunzo. Naanza Julai. Mama alisoma onyo kwanza akalia, ndipo akasoma la pili akalia zaidi.

Pasi yupo. Amani yake haijaguswa. Nilikwenda ofisi ya kumbukumbu kuomba daftari la ndege la mwaka ule, wakasema madaftari ya zamani yalichomwa walipohamia jengo jipya. Nimepata kazi na sijapata haki. Nafurahi kwa hasira, sijui kama kuna jina la kitu hicho.

Mama anauliza akutumie kijiti. Anasema sasa anaweza kununua futi ya kupimia kitambaa kama washonaji wengine.

Kipanga

Kaka. Mpwa wako amenishikisha kalamu. Mimi nilikuamini siku ile ile, sikuhitaji alama. Jibu. Dada yako.


30 Juni

Kipanga, mpwa wangu, rubani wa shirika, marahaba.

Ndani ya bahasha hii kuna karatasi nyingine iliyokunjwa mara nne. Ni ya mama yako. Usiisome. Ina habari za redio na nyingine za utotoni zinazohusu sukari iliyopotea, ambazo ziko wazi kuliko anavyodhani.

Kijiti kisije huku. Nenda nacho kazini, au mwachie dada yangu apimie maharusi wafupi. Huku hakuna cha kupima.

Hasira yangu haijapungua, nisikudanganye. Nilikuwa nikingoja siku ambayo Pasi angesema, na ile siku imefika, na amefungua mdomo, na amefunga. Basi. Nilidhani ningeanguka. Nilikwenda kazini nikabandika vitabu kumi na vinne. Lakini ile fomu yako, Kipanga, sikuweza kuiondoa akilini. Mstari mmoja, mwembamba, neno lisomeke.

Leo nipo ofisi ya wakazi wa kigeni, kurefusha kibali changu, kama kila mwaka wa tatu. Unaijua, ingawa hujaiona: viti vilivyofungwa kwa bolti, namba ukutani, kalamu iliyofungwa kamba isije ikaenda nchi nyingine. Kipengele cha tisa kinauliza: "Kazi au taaluma." Nimekijaza mara kumi hapa. Na mara zote nimeandika, na leo mkono ukaandika wenyewe: Mfanyakazi wa maktaba. Si uongo. Lakini wewe na mimi tunajua tofauti kati ya kitu kisicho uongo na kitu ulichokiona.

Nikapiga mstari mmoja juu yake. Nikaweka herufi za jina na tarehe. Juu nikaandika: Rubani.

Karani, binti wa umri wako, akaitazama. "Mzee, fomu iliyokatwakatwa hatupokei. Chukua mpya, rudi mwisho wa foleni."

Nikamwambia, "Mwanangu, haijakatwakatwa. Imerekebishwa. Katika kazi yangu ndivyo inavyofanywa, ili atakayekuja aone kosa na aone aliyelirekebisha."

"Kazi gani hiyo?"

"Imeandikwa hapo."

Akasoma. Akanitazama, akatazama koti langu, akatazama tena karatasi. Akasema utaratibu ni utaratibu.

Sasa nimekaa mwisho wa foleni, naandika juu ya goti. Mbele yangu wako watu kumi na wanane. Fomu mpya ameniwekea mkononi. Nimeigeuza, na ndiyo hii unayoisoma, upande wa nyuma. Nikiitwa, nitampa ile ile.

Mjomba wako